Spika za Bei ya Ng'ombe: Je, Muziki Unasikika Vizuri Zaidi?

Ndugu msomaji, leo tuweke kando kidogo mambo ya programu na hifadhidata, tuzungumze juu ya masikio. Watu wakishajua kwamba unaandika programu, wanadhani unajua kila kitu chenye waya. Ndiyo maana naulizwa mara kwa mara: mtu akitumia fedha nyingi kununua vyombo vya muziki vya hali ya juu, spika ndefu kama mlango, amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, waya nene kuliko kidole, je, kweli anausikia muziki vizuri zaidi? Ama amenunua fahari ya sebuleni?

Mara ya mwisho swali hili limenijia kutoka Rapsu. Kwa wasioijua, Rapsu iko kaunti ya Isiolo, upande wa Garba Tulla, si mbali na Kinna wala na Mbuga ya Taifa ya Meru. Ni nchi ya wafugaji wa Kiborana, na yapo pia mashamba ya kunyunyizia maji. Nilipoanza kulijibu swali hilo niliona kwamba jibu lake haliko dukani. Liko katika historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni yetu wenyewe. Haya, twende taratibu.

Uaminifu kwa nani?

Wenye vyombo hivi huviita "hi-fi". Kwa sikio la Mswahili jina hilo linasikika kama "haifai", na wapo watakaosema kwamba hilo ndilo jibu lenyewe, tufunge mjadala. Lakini tusiharakishe. Maana ya jina hilo ni uaminifu wa hali ya juu. Ni neno zuri, ila uaminifu lazima uwe kwa mtu au kwa kitu. Spika inakuwa mwaminifu kwa nani? Kwa mwimbaji? Kwa santuri? Kwa fundi aliyerekodi? Au kwa mwenye nyumba aliyelipa?

Thomas Edison alitengeneza mashine yake ya kwanza ya kunasa sauti mwaka 1877. Kati ya 1915 na 1925 kampuni yake ilizungusha maonyesho ya ajabu katika miji ya Marekani. Mwimbaji anasimama jukwaani kando ya mashine, anaimba pamoja na santuri yake mwenyewe, kisha taa zinazimwa. Zikiwashwa, mwimbaji hayupo, mashine peke yake ndiyo inayoimba, na watu hawakujua aliondoka saa ngapi. Kumbuka kwamba mashine zile hazikukuza sauti kwa umeme hata kidogo. Zilikuwa na sindano, kiwambo na pembe. Leo hata simu ya bei rahisi inazishinda kwa mbali.

Sasa watu walidanganyika vipi? Mmoja wa waimbaji wale, Anna Case, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba alikuwa akiirekebisha sauti yake ifanane na ya mashine. Yaani mashine haikuwa aminifu kwa mwimbaji. Mwimbaji ndiye aliyekuwa mwaminifu kwa mashine!

Funzo la kwanza tulishike hapo. Sikio si kama rula. Linakwenda pamoja na jicho, pamoja na matarajio, na pamoja na maneno ya muuzaji.

Santuri ya Siti na mgeni aitwaye Chemirocha

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri za siku hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika tatu hivi. Wewe unayeijua taarabu unajua dakika tatu ni nini: hapo watu hata hawajamaliza kutuza. Wimbo ulilazimika kukatwa ili uingie.

Basi santuri hizo zikarudi pwani, zikapigwa kwenye gramafoni za kujaza kwa mkono, na watu wakajaa kwenye migahawa ya kahawa kuzisikiliza. Kwa kipimo cha wenye hi-fi, kile kilikuwa chombo kibovu. Hakikuwa na besi ya maana, kilikwaruza, na sindano ilikuwa ikiila santuri kila inapopita. Lakini nani atasema watu wale hawakuusikia muziki? Walikuwa wakisikia Kiswahili chao kikitoka ndani ya mashine kwa mara ya kwanza. Walibishana juu ya maneno, juu ya mafumbo, juu ya nani alikuwa anasemwa. Huko ndiko kusikiliza.

Mfano wa pili uko Bonde la Ufa. Gramafoni za wageni ziliwafikisha Wakipsigis kwenye santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefariki mwaka 1933. Jina lake likageuka kuwa Chemirocha, naye mwenyewe akageuka kuwa kiumbe wa hadithi, nusu mtu nusu paa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuja baadaye kuanzisha maktaba ya muziki wa Afrika kule Afrika Kusini mwaka 1954, alirekodi nyimbo za Wakipsigis zenye jina hilo. Tafakari, ndugu yangu. Sauti ya Mmarekani, kupitia pembe ya bati, katika lugha ambayo wasikilizaji hawakuijua, iliwagusa hadi wakatunga nyimbo zao. Kuna mwenye spika za milioni anayeweza kusema kwamba muziki umemfanyia kazi kubwa kuliko hiyo?

Redio iliyofanana na sufuria

Tusogee mbele. Mwaka 1949 kulitokea redio ya betri iliyotengenezwa makusudi kwa wasikilizaji wa Kiafrika wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Harry Franklin, aliyesimamia habari na utangazaji kule Lusaka, aliwashawishi watengeneza betri wa Ever Ready waiunde. Mashine iliwekwa ndani ya gamba la alumini lililotoka kwa watengeneza sufuria, likapakwa rangi ya buluu, ikauzwa kwa pauni tano. Watu wakaiita redio ya sufuria. Mtengenezaji hakujali sebule. Alijali vumbi, joto, betri na mfuko wa mnunuzi. Mimi kama mwandishi wa programu naivulia kofia kazi hiyo. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Baadaye zikaja redio ndogo za transista, zikaenea hata huku kwetu kaskazini. Na huku kaskazini redio haikuwa kitu cha starehe tu. Kati ya 1963 na 1967 kulikuwa na vita ambavyo serikali iliviita vya shifta. Redio Mogadishu ikisema yake, Sauti ya Kenya ikisema yake, na watu waliokuwa katikati wakizungusha kitufe usiku kutafuta ukweli uko wapi. Mtu anayetega sikio katikati ya mikwaruzo ili ajue kama kesho kuna msako hamuulizi fundi habari za besi.

Kitaalamu, sauti ile ilikuwa nyembamba. Sikio la kijana mzima husikia mitetemo kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde. Stesheni za masafa ya kati zimepangwa karibu karibu: mpango wa Geneva wa 1975 uliweka nafasi ya mitetemo 9,000 kati ya stesheni moja na inayofuata, na kwa hiyo sauti yoyote inayopita 4,500 hivi ilikuwa inakatwa. Ule mlio wa juu wa matoazi na ule utamu wa nyuzi za gita huishia njiani. Hata hivyo sauti ya binadamu inapita. Simu za waya za zamani zilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 tu, na bado ulimtambua shangazi yako kabla hajataja jina.

Hapa kuna jambo nataka tulishike vizuri, kwa sababu litaturudisha Rapsu. Kilichokatwa njiani hakirudi. Ukichukua redio ya masafa ya kati ukaifunga kwenye amplifaya bora kuliko zote duniani, utapata sauti ya masafa ya kati yenye kelele kubwa zaidi. Chombo cha mwisho hakiwezi kurudisha kilichopotea kwenye chombo cha kwanza. Mto ukichafuka juu, chujio la huku chini halitakupa chemchemi.

Wazungu nao walijipima

Wakati sisi tunazungusha vitufe, Ulaya na Marekani biashara ya sauti ilikuwa imepamba moto. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa santuri ndefu, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yenye kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani alitoa spika ndogo yenye besi nzito, kwa kutumia hewa iliyofungiwa ndani ya kasha kama springi. Mwaka huohuo Gilbert Briggs, mtengeneza spika wa Uingereza, alijaza ukumbi wa Royal Festival Hall, London, akawapambanisha wanamuziki walio hai na rekodi zao. Mwaka 1958 santuri za stereo zilikuwa zimeingia madukani. Haya yote yalikuwa maendeleo ya kweli, na mtu asikudanganye kwamba yalikuwa porojo.

Halafu mwaka 1982 Sony na Philips wakatoa CD. Hapo sauti ikawa namba: vipimo 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kila kipimo biti 16. Hesabu inasema vipimo hivyo vinatosha kubeba mitetemo hadi 22,050 kwa sekunde, yaani kupita mwisho wa sikio la binadamu. Kuanzia hapo swali likabadilika. Kama chombo cha bei nafuu kinabeba kila kinachosikika, fedha ya ziada inanunua nini?

Watu wakaanza kupima kwa kuficha macho. Mwaka 1985 mhandisi Bob Carver aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba anaweza kuifanya amplifaya yake ya bei ya kawaida isikike sawasawa na ile ya bei ya kutisha waliyoichagua wao. Alikaa na vifaa vyake hotelini kwa siku mbili, na alipomaliza wahariri hao hawakuweza kuzitofautisha.

Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa spika, walifanya jaribio rahisi na kali. Wasikilizaji walewale walizipa alama spika zilezile, mara moja wakiziona na mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika. Spika kubwa za kupendeza zilipata sifa zilipoonekana, na ndogo ya plastiki ikashuka kwa sababu tu ilikuwa ndogo ya plastiki. Hawa walikuwa watu wa kazi hiyohiyo ya sauti, si wapita njia.

Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio jingine. Walichukua rekodi za kiwango kinachozidi CD, wakazipitisha kwenye kifaa kinachozibana hadi kiwango cha CD, kisha wakawauliza watu: imebanwa au haijabanwa? Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss alikusanya tafiti 18 za aina hiyo na kuzijumlisha pamoja. Alikuta kwamba tofauti inasikika, lakini kidogo sana, zaidi kidogo ya nusu, na wanaoisikia zaidi ni waliofunzwa. Basi tuwe waadilifu: tofauti hiyo si sifuri, lakini ni nyembamba kama uzi.

Lakini katika kazi ya Meyer na Moran kuna kipengele ambacho wengi hukiruka. Waliona kwamba rekodi zile za kiwango cha juu mara nyingi zilikuwa tamu kweli kuliko CD za kawaida. Sababu haikuwa namba zile kubwa. Sababu ni kwamba mafundi waliozitengeneza walipewa nafasi ya kufanya kazi kwa uangalifu. Utamu ulitoka kwenye mikono ya watu, juu kabisa ya mto.

Sasa mtu asije akasema nimetangaza kwamba vyombo vyote ni sawa. La hasha. Toole huyohuyo, katika miaka yake ya utafiti Kanada, alionyesha kwamba macho yakifichwa watu wengi hukubaliana spika ipi ni nzuri, na spika hiyo ni ile inayotoa mitetemo yote kwa usawa bila kupendelea. Kati ya spika mbovu na spika nzuri kuna tofauti ambayo hata mtoto ataisikia. Chumba nacho kina neno kubwa. Tofauti hupungua ukifika kwenye amplifaya, na ukifika kwenye waya za bei ya pikipiki, hapo mgema amesifiwa na tembo limekwisha kutiwa maji.

Simba wa jirani na sauti isiyokuwepo

Kuna kisa kimoja cha karibu na Rapsu ambacho hunichekesha na kunihuzunisha kwa wakati mmoja. Joy Adamson na mumewe George, aliyekuwa askari mkuu wa wanyamapori Isiolo, walimlea simba Elsa kuanzia mwaka 1956, wakamrudisha porini Meru, na kaburi lake liko katika mbuga hiyohiyo ya jirani. Filamu ya kisa hicho, Born Free, ilitoka mwaka 1966, na muziki wake, uliotungwa na John Barry, ukapata tuzo mbili za Oscar.

Fikiria basi tajiri wa London mwaka ule, amenunua seti bora kabisa, anaweka santuri ya filamu hiyo, anafumba macho na kuiona nchi ya Isiolo. Spika zake ni aminifu kabisa. Kila fidla iko mahali pake. Lakini hakuna hata sauti moja ya Isiolo mle ndani. Nyimbo za wanaume wa Kiborana wanaojipanga kisimani, ndoo ikipita mkono kwa mkono kutoka chini hadi kwenye birika la mifugo, wakiimba ili mikono iende pamoja, hizo hazikuwemo. Uaminifu ulikuwepo, ila kwa orkesta ya Uingereza. Ndiyo maana niliuliza mwanzoni: uaminifu kwa nani?

Sauti za watu wenyewe zilinaswa na watu wengine, kwa vyombo vingine. Kuanzia 2011 mradi wa Singing Wells, wa Ketebul Music ya Nairobi na wenzao wa Uingereza, umekuwa ukizunguka Afrika Mashariki na studio ya kubeba, ukirekodi muziki wa jadi hukohuko uliko. Na kabla ya hao, kazi hiyo ilifanywa na wananchi wenyewe, kwa kaseti.

Katoni la kaseti

Sasa nieleze kwa nini swali la Rapsu lilikuwa zito. Aliyeniuliza ni rafiki yangu aliyefanya kazi Qatar miaka kadhaa, akarudi na akiba. Huko alikuwa akiingia nyumba za watu kufunga mashine za kupoza hewa, na katika nyumba moja akasikia seti ya muziki iliyomteka. Bei aliyotajiwa Nairobi ya seti ya namna hiyo ilikuwa sawa na ng'ombe saba. Na mfugaji akihesabu kwa ng'ombe, ujue hafanyi mzaha.

Lakini hakutaka seti kwa ajili ya fahari. Chini ya kitanda cha mama yake kuna katoni la kaseti. Marehemu baba yake alizirekodi miaka ya themanini kwa redio-kaseti: nyimbo za kisimani, nyimbo za harusi, wazee wakisimulia nasaba, na yeye mwenyewe akiongoza wimbo. Redio-kaseti ile ilikufa zamani. Swali lake hasa lilikuwa hili: "Nikinunua seti hii, mzee atasikika vizuri?"

Nilikwenda, tukazitazama. Nyingine zilikuwa na ukungu, mbili utepe wake umekatika, na moja ilikuwa imerekodiwa juu yake taarifa ya habari. Hapo ndipo historia yote niliyowasimulia inapokuwa jambo la leo.

Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963, na haikukusudiwa muziki wa hali ya juu. Utepe wake hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, wakati tepu za studio hutembea sentimita 38, mara nane zaidi. Mzee alitumia maikrofoni ndogo iliyojengwa ndani ya redio, pengine kwa betri zilizochoka. Kwa hiyo yaliyomo kwenye utepe yana mipaka, na hakuna spika ya ng'ombe saba itakayotoa ambacho hakikuingia.

Lakini angalia upande wa pili. Kilichoingia bado kinaweza kupotea, na kinapotea kila mwaka kwa joto, vumbi na ukungu. Tena kinaweza kutoka kingi kuliko tunavyodhani, kama kichwa cha mashine ni safi na kimekaa sawa. Kile kichwa kidogo kinachogusana na utepe kina skrubu ya kurekebisha mkao wake. Kikipinda kidogo tu, sauti inakuwa kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ukizungusha skrubu ile taratibu huku unasikiliza, sauti inafunguka. Fundi mzuri anafanya hivyo kwa bisibisi ndogo. Kwa sauti ya mzee huyu, bisibisi hiyo inafanya kazi kuliko amplifaya ya Ulaya.

Tukapiga hesabu pamoja. Saa moja ya kaseti, ikinaswa kwa kiwango cha CD bila kubanwa, ni vipimo 44,100, mara baiti mbili, mara pande mbili, mara sekunde 3,600. Jumla ni kama megabaiti 635. Katoni lile lina kaseti zisizofika 40. Hata kama kila moja ni ya dakika 90, zote zinaingia kwenye diski ndogo ya mfukoni na nafasi inabaki, na nakala mbili zinaweza kukaa mahali pawili tofauti. Programu ya kunasa, Audacity, ni programu huria na haina malipo. Mfumo wa FLAC, uliotoka 2001, unabana faili bila kutupa hata biti moja, nao pia ni huria. Kinachotakiwa kununuliwa ni deki iliyotumika lakini iliyohudumiwa, kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, kasha tupu za kuhamishia tepu zilizokatika, na uvumilivu, kwa sababu kaseti ya dakika 90 hunaswa kwa dakika 90. Hakuna njia ya mkato ya kumsikiliza mzee.

Kazi yote hiyo haifiki hata ng'ombe mmoja na nusu.

Kitu ambacho Rapsu inacho tayari

Tena kuna mali ambayo rafiki yangu hakuihesabu. Ukizungumza na wapenzi wa hi-fi wa mijini watakuambia adui wao mkubwa ni kelele: matatu, jenereta, jirani, friji. Sauti ndogo ndogo za muziki, ile pumzi ya mwimbaji kabla ya neno, humezwa. Wanaongeza sauti ili washinde kelele, wanahitaji amplifaya kubwa zaidi, na hapo sheria ya masikio inawabana: ukiongeza nguvu maradufu, sikio linaona imeongezeka kidogo tu. Ili sauti ionekane mara mbili, unahitaji nguvu mara kumi. Kukimbizana na kelele kwa amplifaya ni kazi isiyo na mwisho.

Usiku wa Rapsu kelele hizo hazipo. Kuna wadudu, kuna mbwa, pengine fisi wa mbali. Spika ndogo inayokula umeme kidogo wa betri ya sola inatosha kabisa. Na nyumba ya jadi ya Kiborana, ya miti iliyofunikwa nyasi na mikeka, haipigi mwangwi kama chumba cha saruji chenye paa la mabati. Mjini watu wanalipa mafundi wabandike sifongo ukutani ili wapate hali kama hiyo.

Basi, chombo cha bei kubwa kinaboresha usikilizaji au la? Jibu langu kwa ufupi ni kwamba fedha ina mpangilio wake. Kwanza iokoe rekodi yenyewe, maana isipokuwepo hakuna cha kusikiliza. Pili inunue spika mbili za wastani zinazosema kweli. Tatu ishughulikie chumba na utulivu. Ukishamaliza hayo na fedha bado imebaki, na watoto wamelipiwa karo, nunua amplifaya unayoitamani na usimwombe mtu radhi. Kupenda chombo kizuri si dhambi. Mtu hununua pia fimbo iliyochongwa vizuri, ingawa ng'ombe anakwenda hata kwa kijiti. Ila tusiseme kwamba fimbo ndiyo inayotoa maziwa.

Nchi jirani inatupa onyo la mwisho. Kwa miaka mingi bendi za Tanzania zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na hazina ile ya muziki ilikaa kwenye tepu za kuzunguka. Mashabiki wa Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, wengi waliijua kwa redio ya mkononi na kwa kaseti zilizonaswa kutoka redioni. Leo akitokea mtu mwenye seti bora kuliko zote Afrika Mashariki, utamu atakaoupata kwenye nyimbo zile utategemea jambo moja tu: hali ya tepu, na kama kuna mtu aliyezihamisha kwa uangalifu kabla hazijaharibika. Spika zinatengenezwa kila siku na mwakani zitakuwa rahisi zaidi. Tepu ya 1983 haitengenezwi tena.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla hujaenda kuuliza bei ya spika, inama kwanza uchungulie chini ya kitanda.